Pete ya Msiba na Siri za Ukoo

William Shakespeare alipoandika wasia wake mwaka 1616, aliwaachia waigizaji wenzake watatu, akiwemo Richard Burbage, shilingi 26 na peni 8 kila mmoja wanunue pete za kumkumbukia. Haikuwa ajabu. Katika Uingereza ya enzi hizo, na kwa muda mrefu baadaye, wenye uwezo walitenga fedha za pete za msiba. Ukisoma nani alipewa na ya thamani gani, unajua nani alikuwa mtu wa karibu na nani alikumbukwa kwa heshima tu.

Kwa hiyo mtafiti wa ukoo haanzi na dhahabu; huanza na maandishi. Mara nyingi atakuta jina, tarehe ya kifo baada ya herufi "ob." na umri baada ya "aet." Lakini ajihadhari na tarehe. Kabla ya 1752, mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza Machi 25, hivyo Februari 1720 ya kwenye pete huenda ni Februari 1721 kwa hesabu yetu. Ukilisahau hilo, mtoto aliyezaliwa Mei 1721 ataonekana kazaliwa miezi 15 baada ya baba yake kufa, na mama wa watu atasingiziwa bure.

Kwa vifo vya baada ya Julai 1837 kazi ni nyepesi, kwani serikali ilianza kuviandikisha. Wasia za zamani zaidi zilipitia mahakama za kanisa, na nyingi zimehifadhiwa Kew, London.

Vito vya msiba havikuwa pete tu. Mwanamfalme Albert alipofariki Desemba 1861, mkewe Malkia Victoria alivaa nyeusi hadi kifo chake mwaka 1901, na vito vyeusi vya mji wa Whitby, Uingereza, vilivyochongwa kwa miti ya kale iliyogeuka mawe, vikapata soko kubwa. Ni vyepesi na havina ubaridi wa kioo cheusi kilichoviiga. Vinapendeza, ila vingi havina jina, na kwangu mimi pete nyembamba yenye jina inavishinda vyote. Hata nywele zilizosukwa ndani ya kidani si ushahidi wa kifo. Wapenzi walio hai nao walipeana.

Ukirithi pete yenye nywele chini ya kioo, usiioshe, maana maji yakipenya huziharibu. Na kabla sonara hajaing'arisha, piga picha maandishi ya ndani, kwa sababu kila msuguo huyafuta kidogo.