Kufutwa kazi ukiwa likizo ndefu: siku 30 ambazo msafiri hapaswi kuzipoteza

Mfanyakazi kaomba likizo ya miezi sita bila malipo. Bosi kasaini, begi limefungwa, safari imeanza: Dar es Salaam, Nairobi, Addis Ababa, kisha Istanbul. Mwezi wa nne, akiwa kituo cha basi, barua pepe inaingia: kampuni inapunguza wafanyakazi, na yeye yumo.

Wazo la kwanza ni kwamba haiwezekani, si yuko likizo? Inawezekana. Kwa sheria ya Tanzania, likizo ndefu ya kusafiri ni makubaliano tu kati ya mfanyakazi na mwajiri. Haimo kwenye likizo ambazo mwajiri analazimika kutoa, kama ile ya mwaka, ya ugonjwa au ya uzazi. Hivyo haimkingi mtu na upunguzaji. Ila kuwa mbali nako hakumwondolei haki hata moja, na hapo ndipo ofisi hujisahau.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi au, kama hakuna chama, na wafanyakazi wenyewe. Kinachojadiliwa ni kama upunguzaji unaweza kuepukika, nani aondoke kwa vigezo gani, lini, na alipwe nini. Aliye likizoni bado ni mfanyakazi. Kikao kikifanyika bila yeye kujulishwa, akaja kuletewa barua ya mwisho tu, utaratibu una kasoro na anaweza kuupinga. Siku hizi kikao kwa video si kazi, kwa hiyo kisingizio cha "hakuwepo" ni chepesi mno.

Tatizo ni muda. Anayepinga kuachishwa kazi anatakiwa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Zinahesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa au mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho, si tangu msafiri aliporudi nyumbani. Mtu anayesema "nitalishughulikia nikifika Dar" anaweza kufika akakuta mlango umeshafungwa.

Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda kwa fomu namba 2 ya CMA, lakini lazima awe na sababu ya msingi. Kusema alikuwa safarini, huku barua pepe aliisoma siku ileile na kuijibu, ni kujitafutia ugumu.

Habari njema ni kwamba halazimiki kukatisha safari ili kufungua mgogoro. Mbele ya CMA mhusika anaweza kuwakilishwa na wakili, na kiongozi au mwanachama wa chama chake cha wafanyakazi, au na mwakilishi binafsi aliyemchagua mwenyewe. Dada aliyebaki Kinondoni anaweza kubeba jukumu hilo, mradi ana maandishi ya kumteua na nyaraka zote: mkataba, barua ya likizo, barua ya kuachishwa.

Kwenye pesa, kiinua mgongo cha kisheria ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na mwisho ni miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 6 na miezi 4 anahesabiwa siku 42. Ile miezi 4 haimo. Aliyekaa miaka 15 anaishia siku 70. Juu yake kuna malipo ya notisi, siku za likizo ya mwaka zilizobaki, nauli ya kurudi alikoajiriwa kama anastahili, na cheti cha utumishi.

Mwanachama wa NSSF pia aulizie fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6 kwa aliyechangia angalau miezi 18. Fao hili si la aliyeacha kazi kwa hiari. Ndiyo maana ile karatasi ya "makubaliano ya kuachana" inayotumwa haraka haraka, yenye pesa kidogo ya kumtuliza mtu, haifai kusainiwa kwenye simu uwanja wa ndege. Ikishasomeka kuwa aliondoka mwenyewe, anaweza kujikuta amekosa vyote viwili: mgogoro na fao.

Kwa ambaye bado hajaondoka, kazi iko kwenye barua ya likizo. Iseme tarehe ya kurudi na nafasi atakayorudia, kama miezi hiyo inahesabiwa kwenye utumishi wake, na atafikiwa kwa anwani ipi ofisi ikiwa na jambo. Anwani hiyo isiwe barua pepe ya kazini, kwa sababu ndiyo inayofungwa kwanza.