BOLTI MOJA HUBEBA MAISHA YA WATU

Je, umewahi kuona ndege ndogo ikitua? Magurudumu hugusa ardhi kwa kishindo. Uzito wote wa ndege na watu waliomo hushukia kwenye miguu yake. Miguu hiyo imeshikwa na bolti chache tu. Bolti nyingine hazifikii unene wa kidole chako kidogo.

Leo tutasoma juu ya watu wanaojitengenezea ndege, na jinsi wanavyofunga bolti za miguu yake. Wewe huna ndege. Lakini pengine una plau, baiskeli au mkokoteni. Navyo vimeshikwa na bolti.

NDEGE ZINAZOTENGENEZWA NYUMBANI

Katika nchi ya Marekani, sheria humruhusu mtu wa kawaida kutengeneza ndege nyumbani kwake. Lakini sehemu kubwa ya kazi lazima ifanywe na watu wanaotaka kujifunza au kujifurahisha, si na kiwanda. Kabla ndege haijaruka, mkaguzi huja kuikagua.

Mwaka 1953 watu hao waliunda chama chao. Kiongozi wao alikuwa Paul Poberezny. Tangu mwaka 1970, mkutano wao mkubwa umekuwa ukifanyika katika mji wa Oshkosh.

Katika mji huo aliishi fundi mashuhuri, Steve Wittman. Yeye alibuni miguu ya ndege ya chuma cha springi. Ndege ikitua, mguu hupinda, kisha hurudi mahali pake. Kiwanda cha Cessna kilinunua ujuzi huo na kuutumia katika ndege zake nyingi.

CHAGUA BOLTI INAYOFAA

Fundi wa ndege hatumii bolti yoyote anayoiokota. Bolti za ndege hutengenezwa kwa chuma maalumu, na zina alama kichwani. Asiyeona alama inayotakiwa haifungi bolti hiyo.

Kisha hutazama urefu. Bolti ina sehemu mbili. Karibu na kichwa ni laini. Mwishoni ina meno. Sehemu laini ndiyo inayobeba mzigo. Bolti ikiwa fupi mno, meno huingia ndani ya tundu. Hapo meno hula kuta za tundu, na bolti huweza kukatika kwenye meno. Ikiwa ndefu mno, nati hufika mwisho wa meno kabla haijabana. Bolti ikizidi urefu kidogo tu, fundi huongeza washa.

TUNDU LISIWE PANA

Katika ndege iitwayo RV-7, mguu ni fimbo ya chuma. Fimbo huingizwa ndani ya bomba, kisha bolti hupita katikati ya vyote viwili. Tundu likiwa pana kuliko bolti, mguu hucheza. Kila ndege inapotua, mguu hugonga bolti na tundu huzidi kupanuka.

Kwa hiyo fundi hutoboa tundu dogo kwanza. Halafu hulipanua polepole mpaka bolti iingie kwa kubana. Wengine huweka bolti kwenye jokofu usiku kucha. Chuma kikipata baridi hupungua unene kidogo, na bolti huingia bila kupigwa nyundo kwa nguvu.

Mahali panaporuhusu, kichwa cha bolti huwekwa juu na nati chini. Kwa nini? Nati ikidondoka, bolti haitadondoka. Itabaki imening'inia kwa kichwa chake.

KAZA KWA KIPIMO

Watu wengi hudhani kukaza sana ndiyo kufunga vizuri. Sivyo. Bolti ikikazwa mno huvutika, nayo huweza kukatika. Ikikazwa kidogo hulegea kwa mtikisiko.

Kwa hiyo fundi hutumia spana yenye kipimo. Chukua bolti yenye unene wa milimita 6 na kitu. Nguvu inayotakiwa kwa kawaida ni sawa na mzigo wa kilo 2 hivi, ukiutundika mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 30. Mtu mwenye misuli huweza kuvuta mara kumi ya hapo bila kujua.

Nati ikishakazwa, meno ya bolti yatokeze nje, angalau jino moja zima.

FUNGA NATI ISIFUNGUKE

Ziko nati zenye nailoni ndani. Nailoni hubana meno ya bolti. Nati hiyo ikianza kuzunguka kwa vidole tu, hutupwa.

Mahali ambapo bolti huweza kuzunguka, nati hiyo haifai. Hapo hutumiwa nati yenye mikato. Pini hupitishwa kwenye mikato na kwenye tundu la bolti, kisha miguu yake miwili hukunjwa.

Mwisho, fundi huchora mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma cha jirani. Mstari ukikatika, anajua kuwa nati imezunguka. Atautazama kabla ya kuruka.

HATA BINGWA HUPATWA

Mwaka 1995, Steve Wittman alianguka na ndege aliyoitengeneza mwenyewe. Alikufa pamoja na mke wake. Alikuwa na umri wa miaka 91, na alikuwa ameruka tangu ujana wake. Wachunguzi walisema kitambaa cha bawa kilibanduka kwa sababu hakikubandikwa ipasavyo. Ndege haijui kama fundi wake ni mashuhuri.

NAWE FANYA HIVI

Kabla ya kwenda shamba, shika kila nati ya plau yako. Iliyolegea, ikaze. Bolti ikipotea, usiweke msumari mahali pake. Tafuta bolti ya unene na urefu ule ule. Chora mstari wa rangi kwenye nati za mkokoteni wako, na uutazame kila asubuhi. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu. Gurudumu likichomoka mteremkoni, utapoteza mzigo, ng'ombe, au mtoto aliyepanda juu yake.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.