Gari-nyumba la zamani ndani ya London: ada ya hewa safi hulipwaje, na nani hudaiwa

Kiangazi kikifika Uingereza, wateja wetu wenye jamaa kule huanza kupanga safari. Si wote wanaolala hotelini. Kuna wanaoazima au kununua gari-nyumba, yaani lile gari refu lenye kitanda, jiko na choo ndani, wanazunguka nalo nchi nzima. La bei nafuu huwa ni la zamani, na mara nyingi ni la dizeli. Hapo ndipo ada za hewa safi zinapowanasa watu, na bili inatua mgeni akiwa amesharudi Nairobi au Kisumu.

Usitarajie kizuizi barabarani au mtu wa kukatia tiketi. Ukiingia London, kamera husoma nambari pleti, basi. Hakuna anayekusimamisha. Ni wewe unayepaswa kujua kwamba unadaiwa, ukalipe mwenyewe.

Ada inayowahusu wengi inaitwa ULEZ. Ilianza Aprili 2019 katikati ya jiji, ikapanuliwa Oktoba 2021, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 inafunika mitaa yote ya London. Barabara ya M25 inayozunguka jiji haimo. Ada ni pauni 12.50 kwa siku, saa 24, kila siku isipokuwa Krismasi. Tukichukua pauni moja kwa shilingi 170, hiyo ni shilingi 2,125 kwa siku.

Kuna wanaosema hizi ni mbinu tu za serikali kutafuta pesa. Malalamiko hayo yapo hata London kwenyewe. Lakini sababu iko. Msichana wa miaka 9, Ella Kissi-Debrah, aliyeishi karibu na barabara yenye magari mengi kusini mwa jiji, alifariki mwaka 2013 kwa pumu, na Desemba 2020 uchunguzi rasmi wa kifo ukaamua kwamba hewa chafu ilichangia. Moshi wa dizeli ni sehemu kubwa ya hewa hiyo.

Sasa tuje kwa gari lenyewe. Gari la petroli linatakiwa kufikia kiwango cha Euro 4, na la dizeli Euro 6. Kwa petroli si shida sana, kwa sababu magari mengi ya kuanzia 2006 yanapita. Dizeli ndiyo ngumu. Euro 6 ilikuwa ya lazima kwa magari madogo mapya kuanzia Septemba 2015, na kwa vani kubwa mwaka mmoja baadaye. Magari-nyumba mengi yamejengwa juu ya vani, Fiat Ducato kwa mfano, na wenyewe huyatunza miaka mingi kwa kuwa hayatembezwi sana. Unaweza kupata la mwaka 2010 limetembea kilomita chache, limeng'aa kama jipya, na bado linalipa kila siku linapoingia mjini. Halafu kuna kichekesho: gari lililotimiza miaka 40 na kusajiliwa rasmi kama la kihistoria halilipi ULEZ. Kwa hiyo Volkswagen ya miaka ya 1970 inaweza kupita bure huku ile Ducato ikidaiwa.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni uzito. Si uzito wa siku hiyo, ni uzito wa juu ulioidhinishwa ulioandikwa kwenye hati za gari. Likizidi tani 3.5, linatoka ULEZ na kuingia kwenye mpango mwingine unaoitwa LEZ, na huko bei si ya mchezo. Lisipofikia Euro 6 hulipa pauni 100 kwa siku; lisipofikia hata Euro 4, pauni 300. Yaani shilingi 51,000 kwa kiwango chetu cha mfano, kwa siku moja ya kwenda kumwona shangazi. Na lile la dizeli la kati ya tani 2.5 na 3.5, likiwa kuukuu kiasi cha kutofika Euro 3, linaweza kudaiwa pauni 100 za LEZ juu ya zile 12.50. Kabla hujanunua au kuazima, omba nambari pleti, uiangalie kwenye tovuti ya Transport for London, ile TfL. Kuangalia ni bure, na jibu linatoka papo hapo.

Kuhusu siku: siku ya ada huanza saa sita usiku na kuisha saa sita usiku. Ukiingia saa tano usiku ukafika unakokwenda saa saba, hizo ni siku mbili. Gari likiegeshwa tu bila kuendeshwa, siku hiyo hulipi.

Unaweza kulipa siku 90 kabla, au baada ya safari hadi saa sita usiku ya siku ya tatu. Ukipitisha hapo, faini ya ULEZ ni pauni 180, na hupungua hadi 90 ukilipa ndani ya siku 14. Faini za LEZ ni kubwa zaidi. Barua haiji kwako. Inaenda kwa aliyesajiliwa kuwa mwenye gari. Ndiyo maana binamu aliyekuazima gari anakupigia wiki mbili baadaye, "Nitumie pauni tisini haraka, leo ndiyo mwisho." Usikasirike, lakini usitume kabla hujaona picha ya barua yenye nambari ya gari na tarehe, ulinganishe na siku uliyoendesha. Ujumbe mfupi wenye kiungo cha kulipia faini, huo tunaomba uufute.

TfL hupokea kadi. Hakuna namba ya Paybill ya kulipia ULEZ, na anayekutumia moja anakuibia. Jihadhari pia na tovuti za watu binafsi zinazojitokeza juu unapotafuta mtandaoni. Zinakulipia, ndiyo, ila zinaongeza gharama yao juu. Andika mwenyewe tfl.gov.uk.

Ukitoka London, usidhani sheria ni ile ile. Birmingham ina ada yake, na unalipa kupitia gov.uk ndani ya siku sita. Glasgow haiuzi ruhusa ya siku kabisa: gari lisilofikia kiwango haliruhusiwi katikati ya mji, faini ni pauni 60, na inaongezeka maradufu ukirudia.

Unapolipa, soma nambari pleti mara mbili. Herufi O na sifuri hufanana kwenye simu, na ukikosea umelipia gari la mtu mwingine huku lako likihesabiwa halijalipiwa. Hifadhi risiti, umtumie mwenye gari nakala siku hiyo hiyo.