Petroli ikimezwa, chungeni mapafu

Msimu wa kupulizia mikorosho ukianza katikati ya mwaka, mashine hunguruma mashambani Nandagala na kwingineko katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, na petroli huingia majumbani. Wako wanaoiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, na wako wanaoinyonya kwa mpira kutoka tangi la pikipiki. Mtoto akiinywa, au mkubwa akipaliwa, watu hukimbilia maziwa na kumtapisha, wakiamini sumu iko tumboni. Imani hiyo ni ya hatari. Petroli, mafuta ya taa, thina na mafuta yanayoyeyushia dawa nyingi za maji za wadudu hayafyonzwi sana tumboni; balaa lao liko mapafuni.

Mafuta haya ni mepesi mno. Yakigusa njia ya hewa hutandaa upesi hadi kwenye vifuko vya hewa, na huko huharibu utando unaozuia vifuko visisinyae. Kuta huvimba, vishipa vya damu vinavuja maji, na kwa aliyeumia vibaya vinavuja damu, akawa anakohoa povu jekundu. Kiasi kisichojaza kijiko cha chai kinatosha. Kumtapisha mtu ni kuyapitisha mafuta yaleyale kooni mara ya pili. Maziwa nayo hayaiui petroli. Hujaza tumbo tu na kuchochea kutapika.

Atasema mtu kwamba amenyonya petroli miaka mingi na hajaugua. Inawezekana, kwa kuwa aliyemeza bila kupaliwa mara nyingi hupona. Siku atakayopaliwa, mazoea hayatamkinga. Hoja nzito zaidi ni ya dawa ya wadudu, ambayo yenyewe ni sumu: je, iachwe tumboni? Hofu hiyo ni ya haki, ila kutapisha hakuitoi yote, na anayeanza kupoteza fahamu huvuta matapishi mapafuni. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi, mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenye lebo. Hata asiyekohoa aangaliwe kwa saa sita au zaidi, maana pumzi huweza kubana baadaye, na picha ya eksirei ya mapema huweza kuonekana safi. Homa ikipanda, msikimbilie kununua antibayotiki: mara nyingi homa hiyo hutokana na mapafu yaliyoungua, bila kijidudu chochote, na mgonjwa anayehema kwa shida anahitaji oksijeni.