Kompyuta Isiyonguruma

Juzi jamaa yangu mmoja alipiga hodi akanikuta nimeketi sakafuni, bisibisi mkononi, nimezungukwa na nyaya, skrubu na mapezi ya alumini. Akasimama mlangoni akanitazama kwa huruma. "Bwana, umeacha ushairi umekuwa fundi wa redio?" Nikamwambia sijaacha, kazi hii ni ya ushairi huohuo. Akacheka akaenda zake. Pale sikuwa na nafasi ya kumweleza, basi leo nitamweleza yeye na wewe pamoja. Na maelezo yenyewe hayaanzii kwenye kompyuta. Yanaanzia kwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa mtu wa tendi. Hakuzipata vitabuni, alizipokea kwa mamake na kuzihifadhi kifuani, beti kwa mamia. Mwaka 2021 nilimketisha chumbani mwangu hapa Mombasa, nikamwekea kipaza sauti, nikamwambia, "Shangazi, ghani." Akaghani siku nne, kila siku baada ya alasiri mpaka magharibi. Kompyuta niliyoinunua dukani ilikuwa hatua mbili kando yake, inanasa kila neno. Feni zake zilikuwa zikivuma, lakini wallahi sikuzisikia. Masikio ya binadamu yana uungwana: sauti isiyobadilika huizoea, kisha huisamehe. Kipaza sauti hakina uungwana huo.

Mwaka uliofuata shangazi alitangulia mbele ya haki. Nilipopata moyo wa kumsikiliza tena, nilimsikia kama mtu anayesema nyuma ya kinu cha kusaga nafaka.

Pengine utasema, maneno si yasikika? Ndiyo, mengi yasikika. Lakini sikiza neno moja tu: paa. Sisi wa Mvita tunalo paa la nyumba, na tunaye paa wa mwituni. Kwenye karatasi ni herufi zilezile. Kinywani, yule mnyama hutoka na pumzi kidogo baada ya p, na lile la nyumba halina pumzi. Tofauti yote imo katika pumzi ile, nayo ni upepo mwembamba usiofika hata sehemu ya kumi ya sekunde. Je, feni inatoa nini kama si upepo? Sauti ya upepo imefunika sauti ya upepo. S na sh na f na h nazo zimeingia gizani pamoja nayo. Zipo programu za kusafisha sauti, nami nimezitumia. Ukisafisha kidogo, mngurumo wabaki. Ukisafisha sana, mngurumo waondoka na pumzi pamoja, na shangazi aghani kana kwamba yumo ndani ya mtungi.

Amebaki mdogo wake, shangazi yangu wa pili, naye umri umekwenda. Nilipomwomba anighanie tendi zilezile alisema, "Mwanangu, mimi sizikumbuki mfululizo. Nikimsikia dada ndipo ubeti unijiapo." Maana yake ni kwamba nitamchezea sauti ya dadake ubeti baada ya ubeti, kisha naye aghani, nami niandike papo hapo na kumwonyesha. Kwa hiyo siwezi kuizima kompyuta wala kuipeleka chumba cha pili. Lazima iwe inafanya kazi pale pale alipo. Na nafasi hii nikiipoteza, sina shangazi wa tatu.

Ndipo mpwa wangu, kijana anayesomea mambo ya umeme, aliposema, "Mjomba, hiyo ya dukani tuiache. Tuunde yetu."

Kwanza alinifunza kelele inatoka wapi. Katika kompyuta ya kawaida milango ni minne: feni za kasha, feni iliyo juu ya chipu kuu, feni ya sanduku la umeme, na diski ya zamani ambayo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski tuliimaliza upesi, kwa kuweka ile mpya ya chipu tupu isiyo na kitu kinachozunguka. Kadi ya picha ya kando hatukuiweka kabisa, kwani kuandika na kunasa sauti hakuihitaji. Chipu tuliyoichagua ina uwezo wa kutoa picha yenyewe. Sanduku la umeme tulilichagua lenye nguvu kupita haja yetu, la aina ambayo feni yake husimama kabisa kazi inapokuwa ndogo. Zikabaki feni za kasha na ya chipu.

Hapo kuna hesabu ambayo sikuijua. Feni ukiipunguzia mizunguko kwa nusu, upepo wake hupungua kwa nusu, lakini kelele yake hupungua kwa desibeli 15 hivi. Na kila desibeli 10 zikipungua, sikio huona kelele imekuwa nusu ya ilivyokuwa. Kwa hivyo feni kubwa iendayo polepole ni bora kuliko ndogo ikimbiayo. Feni ya milimita 140 ina eneo mara tatu ya ile ya milimita 80. Ile ndogo hupiga mbio kama mtoto aliyetumwa dukani; kubwa hugeuka taratibu, na upepo ni uleule.

Juu ya chipu tuliweka mnara wa mapezi ya alumini uliopenywa na mabomba ya shaba. Kati ya chipu na mnara hupakwa dawa ya kupitisha joto, kiasi cha punje moja ya mbaazi. Vyuma viwili, hata viking'aa vipi, huwa na mashimo madogo yasiyoonekana, na hewa inayokaa humo hupitisha joto vibaya. Dawa ile huziba mashimo. Mimi nilitaka kupaka kama siagi juu ya mkate. Mpwa wangu akanishika mkono.

Kuhusu njia ya hewa sikuhitaji mwalimu. Waliojenga nyumba za mawe za Mji wa Kale walijua kwamba joto hupanda, wakazipandisha dari. Kasha letu nalo huvuta hewa baridi chini mbele, na kutoa ya moto juu nyuma. Tumeliweka juu ya kigoda, mbali na vumbi la sakafu, na hatukuliegemeza ukutani. Feni hazikufungwa kwa skrubu bali kwa vipira, maana feni ikitetemeka huku imeshikana na bati, kasha zima hugeuka ngoma. Mdomoni tumeweka kichujio cha wavu, nami hukifua kila Ijumaa asubuhi.

Usiku wa kwanza tulipoiwasha, nilidhani imekataa kuwaka. Nikainama nikaweka sikio. Nilisikia saa ya ukutani, na paka wa jirani. Nikasema alhamdulillahi.

Kumbe kijana wangu bado ana lake moyoni. "Mjomba, sasa tuikimbize."

Kila chipu ina mapigo, kama ngoma inayoongoza wachezaji. Kompyuta ndogo ya IBM ilipotoka mwaka 1981, chipu yake ilipiga mara milioni 4.77 kwa sekunde. Leo mapigo bilioni 4 ni jambo la kawaida. Mtengenezaji huiwekea kila chipu kiwango anachoweza kukidhamini, na mara nyingi huacha nafasi kidogo juu yake. Kuipandisha chipu hadi kwenye nafasi hiyo na kuipita ndiko vijana wanakokuita ovakloki. Wanayo hadithi yao wanayoipenda: mwaka 1998 Intel ilitoa chipu ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahezi 300. Watu wakaipandisha njia yake kutoka megahezi 66 hadi 100, nayo ikaenda 450 bila kulalamika. Nusu ya mwendo ikaongezeka bila kulipa hata senti! Basi tangu hapo kila kijana anayenunua chipu hujiuliza kama naye ameokota lulu.

Sababu ya kijana wangu si mchezo mtupu. Kusafisha sauti za shangazi, na kanda za kaseti nilizonazo tangu ujana wangu, ni kazi inayoichosha mashine saa nyingi. Alitaka tuipandishe kutoka gigahezi 4.0 hadi 4.4. Nikamwambia lete karatasi.

Joto la chipu hufuata mwendo wake, na hufuata pia umeme wake, yaani volti, lakini volti huhesabiwa mara mbili: huzidishwa kwa zenyewe. Ukiongeza mwendo sehemu moja ya kumi, na chipu ikadai volti nazo ziongezwe sehemu moja ya kumi ili isijikwae, basi joto ni 1.1 mara 1.1 mara 1.1. Hiyo ni 1.33. Joto limezidi kwa theluthi! Na faida? Kazi ya dakika 60 itakwisha kwa dakika 55. Theluthi moja ya joto kwa dakika tano. Na joto likizidi feni hukimbia, na feni ikikimbia tumerudi kwenye kinu cha nafaka.

Kisha tukaigeuza hesabu. Ukipunguza vyote viwili kwa sehemu moja ya kumi, joto hushuka kwa zaidi ya robo. Kijana akanyamaza akaitazama karatasi ile. Nami nikatazama.

Liko na jambo la pili, nalo ndilo linitialo hofu. Chipu ikikimbizwa kupita uwezo, ikazima, si neno, utaiwasha tena. Balaa ni pale inapokosea bila kuzima: tarakimu moja ikabadilika kimyakimya ndani ya faili, na wewe usijue. Chuoni tulifunzwa kwamba kuna kusoma kwa utuvu, kwa wastani, na kwa haraka, na vyote vinajuzu. Lakini hata msomaji wa haraka hana ruhusa ya kumeza herufi. Mwalimu alikuwa hatupigi kwa kukimbia. Alitupiga kwa herufi tuliyoiangusha njiani.

Basi tumekubaliana hivi, mjomba na mpwa. Ubao mkuu wa kompyuta unaweza kuhifadhi mipango zaidi ya mmoja, ukachagua utakao unapowasha. Mpango wa kwanza ni wa mchana, wakati wa kunasa sauti: mwendo umepunguzwa, volti zimepunguzwa, feni zinatambaa. Mpango wa pili ni wa usiku, wakati wa kusafisha sauti, hakuna kipaza sauti wala mtu chumbani: hapo kijana ana ruhusa ya kupanda. Atapanda ngazi moja moja, na kila ngazi aijaribu usiku kucha kwa programu za kupima hesabu na kumbukumbu. Kosa moja likionekana, anashuka. Na kabla hajagusa kitu, sauti za asili zinakiliwa kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Mashine ifanyie kazi nakala, asili isiguswe.

Sharti la mwisho ni langu, nalo kijana hakulisoma katika kitabu chake. Feni haiwezi kuipoza chipu chini ya joto la chumba. Kila digrii iliyomo chumbani hupandishwa juu ya chipu. Wakati ninapoandika haya ni kaskazi, na mchana joto la Mombasa hufika digrii 32 au 33. Kwenye Julai, kusi ikivuma, hushuka hadi 28 hivi. Digrii tano hizo ni zawadi isiyolipiwa. Mabaharia wetu walingoja pepo zao kwa karne nyingi bila kuona haya. Ovakloki nayo itangoja kusi.

"Lakini Mjomba, miezi minne?" Nikamwambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Akacheka. Najua atangoja, maana ufunguo wa chumba ninao mimi.

Wiki iliyopita shangazi alikuja. Nilimwandalia kahawa na halua, nikamketisha palepale alipoketi dadake. Nikamchezea ubeti wa kwanza, na mngurumo wake wote. Alifumba macho. Alipofumbua akauliza, "Na hicho kinachovuma ni nini?" Nikamwambia, "Ni mashine yangu ya zamani, Shangazi. Makosa ni yangu."

Akatazama huku na huku. "Na hii mpya, mbona hujaiwasha? Iwashe basi, tuanze."

Nikamwambia imewaka tangu alipoingia. Akatega sikio, akatikisa kichwa, akavuta pumzi akaanza kughani. Jioni ile nilipomsikiliza peke yangu, niliisikia hata ile pumzi.