Sanamu za shaba ya manjano

Nchini India watu wengi wa dini ya Kihindu huweka nyumbani sanamu za miungu yao. Mmoja ni Ganesha, mwenye kichwa cha tembo. Sanamu nyingi ni za shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki. Mji wa Moradabad una mafundi wengi wa kazi hiyo.

Sanamu mpya yang'aa kama dhahabu. Lakini hewa na unyevu huitia weusi. Basi mama huipaka ukwaju uliolowekwa, akaisugua polepole kwa kitambaa. Kisha huiosha kwa maji safi na kuikausha upesi, kwani ukali wa ukwaju ukibaki hula shaba. Mchanga hautumii. Mchanga hung'arisha upesi sana, lakini miaka ikipita, macho ya sanamu hufutika.