Mbwa wa kuwinda: Dume au jike, yupi shupavu zaidi?

WAKULIMA wa mihogo, mahindi na karanga katika kata ya Chiungutwa, wilayani Masasi, kama ilivyo kwa wenzao wa Newala juu ya uwanda wa Makonde, wanamfahamu vema adui anayekuja usiku. Nguruwe mwitu hupita shambani kimyakimya, hufukua mihogo kwa pua, huangusha mabua ya mahindi na kuiacha familia ikihesabu hasara asubuhi.

Dhidi ya adui huyo, msaidizi wa kwanza wa mkulima ni mbwa. Hapo ndipo panapozuka ubishi wa miaka mingi miongoni mwa wenye mbwa: katika kusaka mnyama mkali, ni yupi mwenye ushupavu zaidi, dume au jike?

Wapo wanaoapa kwamba jike hana moyo wa kusimama mbele ya nguruwe aliyejeruhiwa. Wapo pia wanaosema dume ni mwingi wa kelele na mapigano, ilhali jike akishashika nyayo haziachi hadi jioni. Ubishi huo si wa barazani tu, kwa sababu ndio unaoamua ni kitoto kipi cha mbwa kitakachotunzwa na kipi kitakachotupwa.

Uzito wa suala lenyewe unaonekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la kisayansi la Nature, ulioongozwa na Craig Packer. Utafiti huo ulibaini kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 nchini Tanzania na kujeruhi wengine wasiopungua 308, huku eneo la kusini mwa nchi likiathirika mno.

Watafiti hao walieleza kuwa mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno, kati ya Machi na Mei, na yalikuwa mengi katika wilaya zenye nguruwe mwitu wengi. Nguruwe huwafuata wakulima kwa ajili ya mazao, simba huwafuata nguruwe, na mkulima analala shambani katika dungu au kibanda chepesi ili alinde chakula chake. Kwa hiyo, mbwa anayeweza kumtoa nguruwe kichakani na kumfukuza mbali na shamba hulinda zaidi ya mihogo.

Kazi ya mbwa ni ipi?

Ili kujibu swali la dume na jike, ni lazima kwanza kufahamu kazi yenyewe. Mchana nguruwe mwitu hulala ndani ya vichaka vizito, mahali ambapo mtu hawezi kupenya kwa urahisi. Mbwa hutangulia kwa kunusa, humwamsha, humkimbiza na hatimaye humzingira akibweka, mpaka wenye mikuki wafike.

Nguruwe mwitu aliyekomaa huweza kuzidi kilo 80, na meno ya taya lake la chini hukata kama kisu. Mbwa wa kijijini kwa kawaida ana uzito wa kati ya kilo 10 na 20. Kwa tofauti hiyo, hakuna mbwa mmoja, awe dume au jike, anayeweza kumwangusha nguruwe kwa nguvu peke yake.

Mbwa bora katika kazi hii hamshiki nguruwe kwa meno. Humshika kwa kelele. Husogea, hubweka, huruka pembeni nguruwe anapogeuka, kisha hurudi tena. Mbwa anayejitupa mwilini mwa nguruwe bila hadhari huweza kusifiwa siku hiyo, lakini mara nyingi hurudi nyumbani akiwa amebebwa, tumbo likiwa limepasuliwa.

Ushupavu, basi, una sura mbili. Ya kwanza ni ujasiri wa kumkabili mnyama, na ya pili ni uvumilivu wa kutomwacha. Wabishi wengi huzichanganya sura hizo na kuzihesabu kuwa ni moja.

Tofauti ya maumbile

Kwa maumbile, dume huwa mkubwa kuliko jike, lakini tofauti hiyo si kubwa kama inavyodhaniwa. Mfano mzuri ni Rhodesian Ridgeback, mbwa wa kusini mwa Afrika aliyepata umaarufu kwa kuwazingira simba, ambaye vipimo vyake rasmi viliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Kwa vipimo vinavyotumika sasa, dume anatarajiwa kuwa na kilo 36.5 na jike kilo 32. Tofauti ya kilo nne na nusu haibadilishi chochote mbele ya nguruwe wa kilo 80.

Kuhusu ujasiri, utafiti uliofanyika nchini Sweden na kuchapishwa mwaka 2002, uliowapima mbwa zaidi ya 2,000 wa aina mbili za mbwa wa kazi, ulionyesha kuwa madume walipata alama za juu kuliko majike. Hata hivyo, alama hizo ni wastani wa kundi zima. Wastani hausemi lolote juu ya jike fulani aliyezaliwa na mama hodari na kulelewa porini, wala juu ya dume fulani aliyekulia jikoni.

Ushahidi wa zamani zaidi unapatikana katika mashindano ya Waterloo Cup ya Uingereza, ambayo kwa zaidi ya karne moja na nusu, tangu mwaka 1836 hadi mwaka 2005, yaliwashindanisha mbwa wawiliwawili katika kumkimbiza sungura. Mashindano hayo yalikoma baada ya sheria ya mwaka 2004 kuupiga marufuku mchezo huo. Madume na majike walikimbia pamoja bila kutenganishwa.

Matokeo yake yanafundisha. Jike aliyeitwa Cerito alilitwaa kombe hilo mara tatu, mwaka 1850, 1852 na 1853. Dume Master M'Grath naye alilitwaa mara tatu, mwaka 1868, 1869 na 1871. Dume mwingine, Fullerton, aliwapita wote wawili kwa kushinda mara nne mfululizo kuanzia mwaka 1889, ingawa ushindi wa kwanza aligawana na mwenzake. Waliopenda madume walikuwa na la kujivunia, lakini hakuna aliyeweza kudai kwamba jike si mshindani.

Kalenda ya jike, vurugu za dume

Iwapo tofauti ya nguvu ni ndogo, mbona wawindaji wengi wanaendelea kumpendelea dume? Jibu limo katika kalenda ya mwili kuliko katika moyo wa mbwa.

Jike wa kawaida huingia katika joto mara mbili hivi kwa mwaka, na kila mara hali hiyo huchukua takriban wiki tatu. Akipandwa, hubeba mimba kwa siku 63 hivi, kisha hunyonyesha kwa wiki sita hadi nane. Katika nusu ya pili ya mimba tumbo humzuia kukimbia na kupenya vichakani, na wakati wa kunyonyesha hana nguvu za kumaliza siku porini.

Kwa hesabu hiyo, uzazi mmoja humwondoa jike kazini kwa karibu miezi mitatu. Ikiwa miezi hiyo itaangukia msimu wa mavuno, mwenye shamba atasema jike ni dhaifu, ingawa ukweli ni kwamba jike yupo katika kazi nyingine. Mbwa aina ya basenji, wenye asili ya misitu ya Kongo, ambao wawindaji wa Ituri huwafunga kengele za mbao shingoni kwa kuwa hawabweki kama mbwa wengine, huingia katika joto mara moja tu kwa mwaka. Kwa sababu hiyo, jike wao hupoteza siku chache zaidi.

Dume naye ana hasara zake, ila hazina tarehe. Anaponusa harufu ya jike aliye katika joto huweza kuacha nyayo za nguruwe, kutoroka nyumbani kwa siku kadhaa na kurudi akiwa na majeraha ya kupigana na madume wenzake. Jike mmoja aliye katika joto akichukuliwa msakoni, kundi zima la madume husahau nguruwe. Hapo lawama humwendea jike, wakati kosa ni la aliyemtoa nyumbani.

Maumbile ya porini yanaunga mkono maelezo hayo. Mbwa mwitu wa Selous, eneo ambalo sehemu yake kubwa iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, huwinda kwa makundi yenye madume na majike, na wote hukimbia na kuuma. Jike kiongozi anapozaa hubaki pangoni na watoto kwa wiki za mwanzo, na wenzake humletea nyama. Akishamaliza malezi, hurudi mbele ya kundi. Mbwa mwitu hawamwoni mzazi kuwa mzembe.

Gharama ya kutupa majike

Tafiti nyingi za mbwa wa vijijini barani Afrika zimekuta madume wakiwa wengi kuliko majike. Si kwamba majike hawazaliwi. Wengi wao hawatunzwi, kwa kuwa mwenye nyumba anaogopa mzigo wa watoto kila baada ya miezi michache.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini ina gharama yake. Kitoto cha mbwa hurithi kwa baba na mama sawia, na wiki zake za mwanzo zote hulelewa na mama. Anayetupa vitoto vya jike wake hodari anatupa nusu ya ukoo wa mbwa wake, kisha analazimika kutafuta mbwa wa kubahatisha dume lake litakapouawa na nguruwe.

Njia iliyo bora ni kuchagua kwa tabia na si kwa jinsia. Hutazamwa kitoto kisichoshtuka ovyo, kinachorudi baada ya kutishwa, kinachofuata harufu mpaka mwisho na kinachosikia kikiitwa. Kisha kitoto hicho huachwa kijifunze nyuma ya mbwa wakubwa, wala hakisukumwi mbele ya nguruwe kabla hakijakomaa. Majike wasiohitajika kwa uzazi, na madume watoro, wanaweza kuhasiwa na mtaalamu wa mifugo.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi katika eneo hilo, mbwa wa kuwinda na wa kulinda shamba anaruhusiwa ingawa mate yake ni najisi. Nguruwe haliwi, lakini kumfukuza ili kuokoa mazao ni jambo jingine.

Chanjo na sheria

Mbwa yeyote, hata awe shupavu kiasi gani, hawezi kushindana na kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote huambukizwa kwa kuumwa na mbwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, zikiwamo za mikoa ya Lindi na Mtwara, ziliingizwa katika mpango wa mfano wa kuutokomeza ugonjwa huo, ulioratibiwa na WHO.

Lengo la kampeni za namna hiyo ni kuchanja mbwa wasiopungua asilimia 70. Majike wenye mimba na vitoto mara nyingi huachwa nyumbani kwa dhana kwamba hawafai kuchanjwa, ilhali wataalamu wanashauri wapelekwe pia. Mtu aliyeumwa anapaswa kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kuwahi hospitali kupata chanjo.

Aidha, wenye mbwa wanapaswa kukumbuka kuwa uwindaji bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Hifadhi ya Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kulinda shamba dhidi ya mnyama mharibifu ni tofauti na kuingia porini kutafuta nyama, na ofisa wanyamapori wa wilaya ndiye wa kuulizwa kabla ya msako kuandaliwa.

Kwa mkulima wa Chiungutwa anayekesha shambani Machi na Aprili, jibu la ubishi ni kufuga wote wawili. Dume atakuwepo jike anapolea, na jike atashika nyayo dume anapotoroka. Kati yao atatokea mbwa wa mwaka ujao, ambaye thamani yake itapimwa kichakani na si kwa jinsia aliyozaliwa nayo.